Kipande cha Bega la Babu

Anayebisha haya aje nyumbani kwetu Kakuyuni, ampime baba mikono. Futi ya fundi ipo, imetundikwa mlangoni.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi uliopita. Dada yangu Sidi, anayesomea uhandisi wa mitambo, alikuja nyumbani macho yamemvimba kwa kulia. Somo la uimara wa vifaa lilikuwa limemshinda mara mbili. Mara ya tatu ni kufukuzwa chuoni. Mwalimu Gitau aliwapa swali: kila mmoja alete kipande cha mti, akifunge kwenye mashine ya kuvuta, kisha aeleze kimekatika kwa mzigo gani na kwa nini. Hesabu zake Sidi alizijua. Kilichomkwamisha ni mti. Mbao alizopata Malindi zilikuwa mbichi, zikachanika mapema. Na majibu yalitakiwa kesho yake.

"Kaka, nataka mti mgumu, uliokauka miaka," aliniambia.

Wote wawili tukatazama upande mmoja. Nyuma ya zizi kuna kigango cha babu Pola, ile nguzo ya kuchongwa, yenye kichwa na mabega, ambayo wazee humsimamishia marehemu. Kilikuwa kimeanguka. Kigango kikianguka huachwa palepale kioze. Hakisogezwi, sembuse kutiwa msumeno. Mtoto wa Mgiriama hafundishwi hilo, huzaliwa nalo.

"Kimeshaanguka," Sidi alisema. "Ni mti tu."

Mimi mkubwa, niliyepaswa kukataa, ndiye niliyekishika. Yeye akakata. Tulitoa kipande cha shubiri moja kwenye bega la kushoto. Baba hatukumwambia.

Kesho yake saa sita mchana baba, mzee Karisa, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Akaacha.

"Nyale, nani ananivuta mkono?"

Hapakuwa na mtu.

Alicheka kidogo. Kisha hakucheka tena. Mkono wake wa kushoto ulinyooka wenyewe, ukakaza, vidole vikielekea barabara ya Malindi. Nikasikia bega likitoa mlio. Nikajua. Nikampigia Sidi.

"Zima hiyo mashine."

"Kaka, hakikatiki," alinong'ona. "Mwalimu anasema mti huvunjika, hauvutiki. Huu unarefuka. Milimita tisa. Kumi."

"Ni mkono wa baba, Sidi. Zima."

Kwenye simu mashine ilivuma. Baba akapiga magoti. Nikamlilia dada yangu, nikamwomba kwa jina la mama aliyetuzaa.

"Nikizima ndiyo basi," alisema. "Nimefukuzwa."

"Najua."

Akazima.

Sidi sasa yuko nyumbani, analima nasi. Mkono wa kushoto wa baba umeuzidi wa kulia kwa milimita kumi na moja, namba ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mashine. Kipande tulikirudisha jioni ileile, tukamwaga tembo la mnazi, tukaomba radhi. Kilikaa mahali pake sawasawa, ila ukingoni pamebaki pengo dogo, kiasi cha punje ya mchele.

Tulikung'uta mkoba wa Sidi mara tatu. Ndipo akakumbuka kibanzi kilichonasa kwenye meno ya mashine. Alikwenda kukiomba, mlinzi akamzuia langoni: likizo imeanza, naye si mwanafunzi tena. Kibanzi bado kimo mle.

Tumemweleza baba yote. Hakutugombeza. Bado anapukuchua mahindi, kwa mkono mmoja. Ule mwingine amejifunga kiunoni kwa leso ya mama, mafundo mawili.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu.