Wangare, Mama wa Baba

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kukamua ng'ombe wa mzungu huko Njoro, Ephantus alimwita binti yake, "Maitu, umeamka?" Maitu kwa Kikuyu ni mama. Binti huyo, Wangare, alipewa jina la mama yake Ephantus, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, na baba alimheshimu kama mzazi wake.

Heshima hiyo ilimlevya Wangare. Mwaka ule wa 1951 mama yake alipojifungua, kazi za nyumbani zilimwangukia yeye. Naye akazisukumia kwa mdogo wake, Kang'ethe, mtoto wa miaka sita.

"Kateke maji," alimwamuru asubuhi moja. "Mimi ni mama wa baba. Nani humtuma nyanya yake mtoni?"

Kang'ethe alirudi akilia, magoti yamechubuka, mkononi ana kigae tu cha kibuyu. Ndani, mama alikuwa bado anangoja uji. Midomo ilimkauka, na kichanga kilinyonya bila kupata kitu. Wangare akaingiwa na hofu.

Rafiki yake Chelangat, Mkipsigis wa nyumba ya pili, alikuwa akitoka mtoni na debe la maji.

"Baba yako si hukuita Kogo, yaani nyanya?" Wangare alimuuliza. "Mbona unabeba maji mwenyewe?"

"Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Sasa nyanya gani atakaa tu, watu wake wakiona kiu?" Chelangat akammiminia maji sufuria ikajaa.

Wangare alipika uji, akamnywesha mama, akamwosha Kang'ethe magoti. Kisha akaenda mtoni mwenyewe.

Jioni alimweleza baba yote bila kujitetea. "Usiniite Maitu tena," alisema. "Sistahili."

Ephantus alicheka kidogo. "Wazee walipolitunga neno hilo, walitia 'yetu' ndani yake. Ni mama yetu, wa nyumba nzima. Mama yangu alikula baada ya sisi kushiba, na hakuna aliyemlazimisha. Ukubwa ni jalala, mwanangu. Mtu hupewa jina la heshima ili awafae wenzake. Leo asubuhi ulilibeba vibaya, mchana ukalibeba vizuri, kwa hiyo sikunyang'anyi. Haya, pakua chakula. Watu wako wana njaa."

Wangare akachukua mwiko, akaanza na sahani ya Kang'ethe.