Siku ya Mawe Hatuitani

Jumanne ile shangazi yangu Mwaisha aliamka kama siku zote. Akachemsha uji, akamsuka upya bintiye Mwanne mistari miwili iliyofumuka, wakatoka. Nyumba ya mwalimu na shule vilitenganishwa na shamba la pamba la shule tu, na pembeni ya shamba kulikuwa na korongo. Ilikuwa Novemba 1979, ukiipita Tinde kidogo, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Mumewe, Akida, alikuwa fundi mitambo mgodini Mwadui, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Shangazi mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Tabora mjini, mtu wa ulimi mkali na fimbo nyepesi. Nasimulia kama alivyonisimulia yeye. Msemeni kwa mengine yote, lakini uongo hakuwa nao.

Kuingia darasa la tatu, akakuta nusu ya watoto wamegeuza mashati, mishono nje.

"Ninyi! Leo mmevaa gizani?"

Wengine wanabana vicheko. Akaona na mashavu yamevimba, akawaamuru wateme. Wakatema kokoto, kila mtoto yake, zilizokuwa chini ya ulimi. Mwanne peke yake ndiye hakuwa na kitu. Nani amwingize mtoto wa mwalimu katika mambo kama hayo?

Masele, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akasema, "Tunaita mawe, mwalimu."

Shule ile ilikuwa na bati tupu, haina dari. Mvua ya kawaida ikipiga, mwalimu hasikiki. Ikipiga mvua ya mawe, ndiyo basi tena: ikikatika tu, mwalimu mkuu anagonga kipande cha reli kilichokuwa kengele, shule inafungwa, watoto wanakwenda kwao wakiokota barafu na kuimung'unya. Kwa hiyo walikuwa na dawa zao za kuiita. Unageuza shati. Unaweka kokoto chini ya ulimi. Unalaza jembe uani makali yakitazama juu. Unafunga fundo la majani njiani, unaondoka bila kutazama nyuma. Na siku ile kulikuwa na jaribio la hesabu. Ungekuwa wewe usingegeuza shati?

Shangazi alicheka hadi machozi. Akaenda kumsimulia mwalimu mkuu, Mwalimu Ignas, aliyekuwa akipanda baiskeli kwenda Tinde kufuata chaki. Ignas hakucheka.

"Kuita wanaita kila mwaka, ni utoto tu," alisema. "Ila yakishuka kweli, mwalimu, usitaje jina la mtoto. Huku siku ya mawe hatuitani."

"Kwa nini?"

"Kuna kinachosikiliza." Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Shangazi akaguna. Mtu mzima na cheti chake cha ualimu! Tena alijua kwamba Ignas ana dada yake, mwalimu vilevile, anayetafuta uhamisho aje pale. Kumbe ndivyo wanavyofukuzana huku, akajisemea. Mimi nimezaliwa Tabora, nitishwe na mvua?

Saa nne mbingu ikageuka rangi ya jivu, na upepo ukakatika ghafla. Jiwe la kwanza lilipiga bati, likafuatiwa na la pili, halafu yakaja yote kwa mpigo. Watoto, walioyaita wenyewe asubuhi, hawakushangilia. Waliingia chini ya madawati wakaziba midomo kwa viganja viwili. Darasa zima. Mwanne akawatazama wenzake, naye akaziba.

Madirisha hayakuwa na shata, mtoto angeweza kuruka nje. Katika lile giza shangazi akaona kama chini ya madawati mawili karibu na dirisha hakuna mtu. Mtoto akitoroka katika mawe yale, jiwe moja la kichwa linatosha kummaliza, na atakayeulizwa ni nani? Akashika daftari la mahudhurio, akaanza kuita kwa sauti ya juu.

"Masele!"

Kimya.

"Limi!"

Limi alikuwa pale miguuni pake, amemkodolea macho, anatikisa kichwa. Machozi yanamtiririka juu ya vidole. Shangazi akaendelea jina kwa jina, na hakuna aliyesema nipo. Hasira zikampanda. Aliona ni njama, aliona Ignas kawafundisha. Akainua fimbo, akamgeukia wa kwake.

"Mwanne! Unaitwa na mama yako mzazi!"

Mwanne alishusha mikono polepole.

"Abee, mama."

Mvua ikakatika palepale. Haikupungua, ilikatika. Watoto wakatoka chini ya madawati, wote wapo, hata mmoja hakutoroka. Hakuna aliyekimbilia nje kuokota barafu. Limi, aliyekaa dawati moja na Mwanne tangu mwaka uanze, akachukua daftari lake, akahamia nyuma.

Siku ya tatu yake, mchana, shangazi alikuwa akichambua mchele ndani, Mwanne akaingia mbio kutoka uani.

"Abee, mama."

"Sijakuita."

"Umeniita. Ulikuwa kule upande wa korongo, umeniita mara mbili."

Shangazi akamgusa kichwa amfukuze akacheze. Nywele zilikuwa zimelowa, baridi ya kuumiza vidole. Nje jua lilikuwa linawaka.

Ikatokea tena Ijumaa. Ikatokea Jumapili. Kila mara sauti ni ya mama, kila mara inatokea upande wa korongo, na kila mara Mwanne anakuwa ameshasogea hatua kadhaa huko kabla ya kugundua kuwa mama yuko ndani. Shangazi akaanza kushuku kila mtu. Alimshuku mke wa Ignas aliyemletea mboga bila kuombwa, mboga akazimwaga. Alimshuku muuza maziwa. Kila asubuhi alikuta fundo la majani mlangoni pake, analichoma moto, kesho yake analikuta lingine. Siku moja akajibanza nyuma ya mlango kabla ya kengele, akamkamata mfungaji. Alikuwa Limi.

"Wewe mtoto! Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, mwalimu. Nafunga njia isipite kwako. Sasa mwalimu, ndiye wewe unayefungua?"

Shangazi akakaa chini, kiti hakioni. Limi akamnong'oneza yale ambayo watoto wote wa pale wanayajua. Aliyeitikia siku ya mawe, jina lake limeshikwa. Ataitwa kwa sauti anayoipenda mpaka aende. Asitajwe tena kwa jina hilo mpaka mvua za mwaka ziishe. Apewe lingine, na aitikie hilo tu.

"Unamwona Sikujua wa darasa la tano? Kwao alikuwa Generosa."

Mchana ule shangazi alifunga mlango na dirisha, akamkalisha bintiye kitandani, akamshika mashavu.

"Kuanzia leo mimi nitakuita Zamoyoni. Mimi tu, na humu ndani tu. Shuleni utakuwa 'wewe'. Ukisikia Mwanne, hata kama sauti ni yangu, hata kama nalia, usiitike wala usiende. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Zamoyoni."

"Abee."

Wiki mbili zikapita kwa amani. Sauti ya korongoni iliita Mwanne siku nne, mtoto akatulia kimya, na siku ya tano haikuita. Shangazi akaanza hata kuimba akipika.

Halafu ikaja Jumatano ya kupalilia pamba. Madarasa mawili yalikuwa shambani na majembe. Wingu lilitokea nyuma yao, hakuna aliyeliona. Jiwe la kwanza lilimpiga Masele begani, watoto wakatupa majembe wakakimbilia darasani. Shangazi akakimbia nao, huku akiwahesabu kwa macho bila kumtaja yeyote. Alipofika mlangoni akageuka. Mwanne hakuwemo.

Alikuwa bado katikati ya shamba. Jembe kalishika juu ya kichwa, amepotea upande, anatembea kuelekea korongoni. Maji ya korongo yalishaanza kuunguruma.

Shangazi akatoka. Viatu vilimvuka. Mawe yalimpiga kichwa, mgongo, mikono, ardhi yote imekuwa nyeupe, baridi inachoma nyayo. Mtoto alibakiza hatua ishirini kufika ukingoni. Ikabidi aite.

"Zamoyoni!"

Mtoto akasimama. Akageuka.

Na kutoka ukingo wa korongo, sauti ya shangazi mwenyewe, na kale kakwaruzo kake, ikaita: "Zamoyoni! Njoo huku, mwanangu."

Shangazi kabla ya pale hakuwahi kulitoa jina lile nje ya chumba. Hakumwambia hata Akida.

"Zamoyoni, mimi huku!"

"Zamoyoni, mimi huku!"

Neno kwa neno. Pumzi kwa pumzi. Mtoto anatazama huku, anatazama kule, analia. Hatua moja huku. Hatua moja kule. Kila shangazi alipofungua kinywa, kule nako kilifunguka kinywa. Akaelewa kuwa kadiri anavyoita ndivyo anavyompoteza. Basi akafanya kitu ambacho hakuna mama angeweza kukifanya. Akanyamaza. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akapiga magoti katika barafu, akamtazama mwanawe.

Kule korongoni nako kukawa kimya.

Mwanne alisimama katikati. Mawe yanashuka. Alitazama upande mmoja, akatazama wa pili, taratibu, kama mtu anayesoma. Halafu akatupa jembe akakimbia, akamwangukia shangazi kifuani, na mvua ikakatika palepale.

Alimbeba mpaka nyumbani. Alimfuta, akamfunika blanketi la baba yake, akamkandamiza mikononi huku akilia na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mwanangu kanichagua. Mwanangu kanijua. Hata saa haijaisha, Ignas akabisha hodi. Hakutaka kuingia.

"Mwalimu, njoo uone kabla haijayeyuka."

Mwanne akawafuata nyuma, na blanketi begani. Katikati ya shamba barafu ilikuwa bado nyeupe, na nyayo zilionekana wazi. Nyayo za shangazi, peku, kutoka shuleni hadi pale alipopiga magoti. Nyayo ndogo za Mwanne. Na nyayo za tatu, za mwanamke, peku, zinapanda kutoka korongoni hadi palepale kwenye alama za magoti. Kidole gumba cha kushoto kimepinda kidogo kuelekea ndani, na cha shangazi hivyohivyo.

Kutoka pale zilikwenda nyayo za mtu mmoja tu, mzito, aliyebeba mtoto. Za kurudi korongoni hazikuwepo.

Ignas alivua kofia. Alimtazama shangazi kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo, akarudi nyuma hatua mbili. Mwanne alikuwa akitazama nyayo. Kisha akainua macho taratibu hadi kwenye miguu ya mama yake.

Usiku huo mtoto hakula. Asubuhi akauliza kutoka pembe ya chumba, "Siku niliyoungua mguu, ulinipaka nini?"

"Asali, mwanangu. Ukalamba yote." Shangazi akajaribu kucheka. "Nani mwingine angejua?"

Mwanne akakunja miguu chini ya blanketi.

"Zamoyoni pia tulijua wawili tu," alisema. "Na yule wa korongoni alijua. Aliniita hilo kabla wewe hujatoka darasani."

Barafu iliyeyuka, lakini chini yake kulikuwa na tope, na tope likakauka na zile nyayo mpaka kiangazi. Watu walikuwa wakija kuzitazama kutoka mbali. Shangazi aliomba uhamisho, wakahamia Mwadui kwa Akida, na sauti haikusikika tena. Mvua za mwaka ziliisha, jina likarudi kuwa Mwanne. Mtoto alikua vizuri, mpole, mwenye heshima. Ukimtuma anakwenda. Ila akiitwa na mama yake anaacha kazi, anakuja, anasimama mbele yake kimya; 'abee' hakuitamka tena.

Mwaka 1988 aliolewa Geita. Mimi nilikuwepo siku alipochukuliwa. Gari limeshawashwa, vigelegele vimepamba moto, shangazi akajipenyeza hadi mlangoni mwa gari, kanga imemwanguka, hata aibu hana.

"Mwanne," aliita. "Mwanangu Mwanne. Leo tu."

Mwanne alishuka na nguo zake za harusi. Akamshika mama yake mkono, akaubusu, akalia kama wanavyolia maharusi wote. Nilimwona akiinamisha macho, akaitazama ile miguu. Midomo yake ilifunguka kidogo. Shangazi akasogeza sikio karibu.

Mwanne akaziba mdomo kwa mikono miwili, akarudi ndani ya gari.