Aliyemtoa Irambona Uwanjani

Mpira ulitua katikati ya dagaa wa Honorata, waliokuwa wameanikwa mchangani Kibirizi, kando ya ziwa. Kijana aliyeufukuza akapita juu yao miguu pekupeku.

"We kaka! Hao dagaa au mkeka?"

"Nisamehe, dada. Nitawageuza wote."

"Haya, anza tukuone."

Akapiga magoti, jezi nyekundu imemganda mgongoni kwa jasho, akawageuza kweli huku wanawake wakimcheka. Lafudhi yake ilikuwa ya Burundi. Aliitwa Irambona. Timu ya Buzebazeba ilimwombea kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi. Akiacha kucheza, anarudishwa.

Wakapendana. Kila jioni simu ya Honorata ililia.

"Malkia wa dagaa, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Mama nimeshamlisha." Mama yake alikuwa amepooza, na hakuwa na mtoto mwingine.

"Na mimi utanipikia lini?"

"Siku utakayokuja na wazee wako, si na mpira!"

Kabla ya ligi wakaja madaktari kuwapima wachezaji moyo. Waliwalaza vifua wazi, wakawabandika nyaya. Irambona alirudi akicheka kupita kiasi. Lakini alipombebea Honorata ndoo kupanda mlima, alisimama njiani, mkono kifuani.

"Wamekuambia nini?"

"Moyo umevimba. Wanasema nikicheza naweza kuanguka nisiinuke. Kocha nimemwambia niko mzima."

"Yesu wangu!"

"Usimwambie mtu. Nikirudishwa kambini, nitakuona wapi?"

"Nipe ndoo. Tembea polepole."

Jumapili ya mechi, Honorata alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kwa kocha Bonaventura. Njia nzima alimwomba Mungu ampe neno lingine la kusema. Hakupewa. Akasema lile lile: moyo wa Irambona umevimba.

Jioni simu ikalia.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Kumbe ulinichoka."

"Irambona, nisikilize..." Simu ikakatika.

Akarudishwa kambini. Honorata alipiga, hakupokelewa. Aliendelea kuanika dagaa, na kila mpira ulipodunda mchangani aliinua kichwa.

Masika yalipokwisha, alipigiwa.

"Honorata. Wanaturudisha Burundi. Kesho basi litasimama Manyovu, mpakani."

Alikwenda, amevaa kitenge chake cha kanisani. Irambona alishuka, amekonda, ila macho yake yalikuwa yale yale. Nyuma yake alishuka mama yake, Consolate, akamkumbatia Honorata kwa muda mrefu.

"Mwanangu yu hai, anakula, ninamwona," alisema. "Urakoze, mwanangu. Asante."

Irambona akainamisha kichwa. "Nilikukasirikia bure, mpenzi. Twende wote. Nikuoe kwetu."

"Na mama nimwachie nani?"

Irambona akamsogelea. Alimfuta machozi kwa kiganja, naye Honorata akaweka mkono kifuani pake, akausikia moyo ule ukipiga.

Dereva akapiga honi, Irambona na mama yake wakapanda. Basi likaondoka, na Honorata akalikimbilia, kitenge amekishika mkononi, viatu vikabaki barabarani.

Irambona akatoa kichwa dirishani.

"Polepole, malkia wa dagaa!" alipaza sauti akilia. "Tembea polepole!"