Nyumba ya Chust na Ghorofa la Tashkenti

Ndugu zangu wa mtaa, na ninyi mnaosikia haya mkiwa mbali, nataka niwasimulie yaliyoipata nyumba ya Bi Salomat, jirani yangu hapa Chust, mji wetu mdogo ulio mbali na jiji kuu la Tashkenti, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu. Sisemi kwa kumsengenya. Mwenyewe ameniruhusu. Alisema aibu yao ikimwokoa hata mtu mmoja, basi haikuwa aibu ya bure.

Mimi naoka mikate. Tanuri langu liko mlangoni, kwa hiyo anayetaka habari za mtaa huu huja kununua mkate, na habari huzipata bila malipo. Ndiyo maana niliyaona haya tangu mwanzo.

Ilikuwa majira ya kuchipua, miaparikoti, miti yetu ya matunda, imevaa maua meupe. Bi Salomat alikuwa ameketi kwenye kitanda cha uani, chai ya kijani mbele yake, akimchambulia mjukuu wake Sardor zabibu kavu. Mkwewe Muhayo alikuwa kwenye cherehani yake, akishona kofia za kwetu, zile nyeusi zenye nakshi nyeupe. Mumewe Ulmas, mwana wa Bi Salomat na fundi umeme, alikuwa amelala kifudifudi akitengeneza pampu ya maji huku akiimba vibaya, na mkewe akimtania kwamba pampu imekataa kuwaka kwa sababu ya sauti yake. Nilipokuwa nikiwapelekea mkate nilijiambia kuwa nyumba kama ile haihitaji kitu.

Ndipo akaja Faruhi.

Faruhi alisoma na Ulmas, kisha akahamia Tashkenti akawa dalali wa nyumba. Aliingia na viatu vinavyong'aa, akala wali kwa adabu, akaufungua mfuko wake na kutoa picha ya ghorofa refu la vioo, katikati kabisa ya jiji. Halijajengwa bado, alisema, na ndiyo maana bei yake ni nafuu. Likisimama, kila chumba kitakuwa dhahabu.

"Wewe una akili, Ulmas," alimwambia. "Mali ya mwenye akili hukaa katikati ya jiji. Huku Chust kutabaki vumbi na wazee."

Neno hilo lilimwingia Ulmas kama mwiba, na tangu siku ile hakuimba tena. Kila fundi mwenzake aliyepita akimsalimu, yeye alimsimulia habari za katikati ya jiji. Mama yake alipomwuliza kama ameliona hilo ghorofa kwa macho, alijibu kwamba mambo ya siku hizi hayaonwi kwa macho, yanaonwa kwa akili. Mkewe alipomwomba wasubiri kidogo, alimwambia mshonaji kofia hawezi kufahamu biashara.

Basi akauza bustani ya aparikoti ambayo marehemu baba yake aliipanda kwa mkono wake. Akaongeza na bangili za harusi za Muhayo, pesa zote akazilipa ili apate makazi katika ghorofa lile. Wasikilizaji wangu, hapo mjue kwamba tamaa ikishaingia nyumbani, haiulizi hiki ni cha nani.

Akahamisha mke na watoto hadi Tashkenti, wapange chumba kimoja chini ya ardhi, pembezoni mwa jiji, mpaka ghorofa liishe. Mchana kutwa aliendesha teksi. Mama yake alimwacha Chust na chumba kimoja tu na jiko. Vyumba vingine vyote alivitia kufuli na funguo akaondoka nazo, maana alipanga kuja kuiuza na nyumba yenyewe, na hakutaka kuta zichafuke.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyopanga mambo. Ulmas alipokuwa akilikimbilia jiji, kazi zenyewe zilikuwa njiani kuja Chust. Lile jengo la zamani la kuchambua pamba, ambalo lilikuwa makazi ya njiwa, lilisafishwa na kufanywa kiwanda cha nguo. Wakaajiriwa wasichana wa mjini, kisha wa vijiji vya milimani. Karibu na kiwanda pakafunguliwa duka la nyuzi, mgahawa, na karakana ya kutengeneza mashine. Mimi mwenyewe niliongeza tanuri la pili. Taabu ilikuwa moja tu, nayo ni malazi. Wasichana wa milimani walisafiri asubuhi na jioni kwenye barabara mbovu, na wengine waliacha kazi kwa kuchoka.

Mwenyekiti wa mtaa alimpigia Ulmas simu akamwomba afungue vyumba vyake, wasichana wapange. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikasikia jibu lake.

"Nani apange nyumba Chust, mwenyekiti? Mbuzi?"

Mwenyekiti akakata simu bila kuaga.

Majira ya baridi yakaja. Bi Salomat alikuwa na desturi ya kuja mwenyewe kuchukua mkate, hata kama theluji imefika vifundoni. Asubuhi moja hakuja. Nikaacha unga nikaenda. Nilimkuta ameanguka uani juu ya barafu, nyonga imevunjika, midomo imekuwa ya buluu, na nyuma yake milango minne yenye kufuli. Aliponiona jambo la kwanza alilosema ni nisimwambie Ulmas, asije akapata wasiwasi akiendesha gari. Mama ni mama.

Sikumtii. Nilimpigia Muhayo.

Ulmas alisema watatuma kitu kidogo cha dawa, kwani wakiacha jiji wakati huu watapoteza nafasi yao kwa wajenzi. Muhayo hakubishana naye. Alifunga nguo za watoto, akachukua cherehani yake, akamwambia maneno ambayo baadaye Ulmas mwenyewe ndiye aliyetusimulia:

"Baba Sardor, mimi nimekaa chini ya ardhi nikingoja nyumba ya angani. Nimevumilia. Lakini mama yako ni mtu, hawezi kungoja ghorofa."

Akapanda basi akaja zake.

Alimuuguza mkwewe kama mama aliyemzaa. Bi Salomat alipoanza kukaa, Muhayo akaenda kiwandani kuomba kazi. Walimpa kitambaa ajaribu, na mkono uliozoea nakshi za kofia ukatoa mshono ulionyooka. Haukupita muda akawa anawafundisha wengine. Huko ndiko alikokutana na mabinti watatu wa milimani waliokuwa wakitaka kuacha kazi kwa kukosa pa kulala. Alirudi nyumbani akamweleza mkwewe, akaitazama milango ile yenye kufuli.

Bi Salomat alielewa. Alisema, "Nyumba hii aliijenga mume wangu, na hati ina jina langu. Mwiteni fundi avunje kufuli."

Fundi akaja, cheche zikaruka, kufuli zikaanguka moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na vumbi na harufu ya kufungiwa. Majirani tulifagia, tukapaka chokaa, tukatandika magodoro. Mabinti wakahamia. Jioni hiyo waliketi wakakata karoti za wali huku wakimcheka mmoja wao aliyekuwa akilia kwa sababu ya kitunguu, na Bi Salomat akawaambia katika nyumba yake analia tu anayekata kitunguu, mwingine yeyote haruhusiwi. Nawaambieni, mgonjwa yule alianza kutembea zaidi kwa sababu ya kelele zile kuliko dawa za hospitali. Alitaka kuona nani anacheka nini.

Huko Tashkenti, ghorofa lilifika orofa ya tatu likakwama. Wajenzi waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyetoa maelezo. Ulmas hakumwambia mtu. Badala yake alitafuta mnunuzi wa nyumba ya Chust, ili apate pesa nyingine atie kwenye shimo lile lile. Ndivyo tamaa ilivyo, ndugu zangu. Ikikunyang'anya kanzu, inakuomba kilemba.

Akaja naye siku ya soko, bwana mmoja mnene mpole, ndani ya gari jeupe. Ulmas alisukuma lango akakuta nguo za wasichana kwenye kamba, viatu mlangoni, milango yote wazi, na mama yake amesimama na fimbo katikati ya ua. Nilikuwa nimeleta mikate. Nilitaka kuondoka, miguu ikakataa.

"Ulmas, mwanangu," mama yake alisema polepole, "umekuja kuuza nyumba, au umekuja kuniona?"

Ulmas akaitazama ile fimbo. Hakuwa amemwona mama yake tangu alipoanguka.

Yule bwana mnunuzi, ambaye hakujua lolote, akatazama vyumba, akatazama wasichana, uso ukamjaa masikitiko.

"Kumbe mmeshapangisha," alisema. "Basi kuuza kwa nini? Mimi niliitaka kwa ajili hiyo hiyo, niwapangishe watu wa kiwanda. Faruhi amenitangulia, ameshanunua mbili mtaa wa juu."

"Faruhi yupi?" Ulmas aliuliza.

"Faruhi dalali. Anasema mali ya sasa iko huku."

Sijapata kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu kama Ulmas siku ile. Alikaa chini kwenye kizingiti. Bwana yule aliaga kwa heshima akaenda zake. Muhayo aliporudi kutoka kazini jioni alimkuta mumewe bado ameketi pale. Wanawake wengine tungekuwa na hotuba tayari. Yeye alimletea chai, akamwambia taa ya chumba cha nyuma inazimikazimika na wasichana wanaogopa.

Ulmas akaenda kuitengeneza. Alipomaliza, alimpigia mama yake magoti akamwomba radhi, na mama akamwekea mkono kichwani.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Bustani ina mwenyewe mwingine. Ghorofa bado liko orofa ya tatu. Ulmas na wenzake wanapigania haki yao kisheria, huenda wakapata, huenda wasipate. Lakini sasa yeye ni fundi umeme wa kiwanda, anarudi kula mchana nyumbani, na mwaka huu ameongeza vyumba viwili upande wa kusini, vya tofali, vyenye madirisha makubwa. Mabinti wa milimani hawaachi kazi tena. Mmoja ameolewa mtaani kwetu, na harusi ilifanyika katika ua ule ule. Mikate yote nilioka mimi.

FUNZO

Mali isiyokaliwa na mtu ni mawe tu, hata ikiwa katikati ya jiji. Kabla hujanunua nyumba uliza watu wanafanya kazi wapi, na uende ukaone kwa macho yako na kwa miguu yako. Usiuze paa linalokufunika kwa ajili ya paa la kwenye picha, wala usidharau kwenu kwa sababu mgeni amekudharaulia. Huenda anapashusha bei ili anunue yeye. Mshirikishe mwenzio wa nyumbani, maana anayeshona kofia naye ana akili.

Na ninyi wa mtaa wangu mnaoanza kulaza wasichana kumi chumba kimoja kwa kuwa kazi zimekuja, msidhani hadithi hii ni ya Ulmas peke yake. Tamaa haikai Tashkenti tu. Kazi imetufuata mpaka mlangoni, nayo ni neema. Tuipokee kama tunavyompokea mgeni, kwa kumpa nafasi ya kutosha kulala.