Sale la Kwenye Simu

Vijana wa kwaya hufanya mazoezi kila Jumamosi nyumbani kwa mwenzao Aminiel, Kijenge. Wanaimba vizuri, hilo halina ubishi. Lakini kwa kununiana, hawana mpinzani.

Jumamosi moja mwimbaji mwenzao, Ndeshi, hakuja. Iliyofuata pia hakuja, na simu hakupokea.

"Anaringa kwa sababu ana sauti nzuri," Aminiel aliandika kwenye grupu la WhatsApp.

Wenzake wakacheka, wakaongeza maneno. Mwisho Aminiel akamtoa Ndeshi kwenye grupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Jamani, yuko wapi?"

Ndeshi alikuwa kijijini kwao, Nkoaranga, akimuuguza bibi yake hospitalini. Bibi akafariki, akazikwa. Kwaya haikwenda.

Habari zilipowafikia, waliona aibu. Wameru wakiomba msamaha hupeleka jani la sale. Aminiel naye akapiga picha ya sale, akamtumia Ndeshi kwa simu. Ndeshi akaizuia namba ya Aminiel.

Aminiel akaenda kwa jirani yao, Mama Swabaha, afisa ustawi wa jamii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnyonge hivyo?"

Akamweleza yote.

"Sale kwenye simu?" Mama Swabaha aliguna. "Mwanangu, hapo mmemdhihaki mfiwa. Nendeni kwake. Sema ulichofanya, usitafute visingizio. Kisha msikilizeni, msimkatize. Na siku nyingine mtu akiwaudhi, mwulizeni yeye kwanza. Msimjadili pembeni."

Wakapanda Nkoaranga, sale mkononi.

"Nilisema unaringa, wala sikukuuliza," Aminiel alisema. "Nikakutoa kwenye grupu. Nilikukosea, Ndeshi. Naomba unisamehe."

Ndeshi akaanza kueleza. Hakuna aliyemkatiza.

"Niliyasoma yote nikiwa wodini," alisema. "Bibi aliomba mje mumwimbie. Ningewaitaje, nami mmeshanitoa?"

Aminiel alilia mbele ya wenzake wote. Ndeshi naye alilia. Kisha akalipokea sale.

Siku hizi asiyeonekana mazoezini hufuatwa nyumbani siku ileile. Mwenye kinyongo humwambia mwenzake ana kwa ana, na mwenzake hupewa nafasi ya kujibu. Kununiana bado kupo, ndio hao hao, lakini hakufiki mbali. Ndeshi amerudi kwenye kwaya.

Wakifika Nkoaranga huimba kaburini kwa bibi. Huimba vizuri sana. Ila bibi hasikii.