Nodi ya Nne

Jumanne asubuhi Levi Wangila alikunywa chai chumbani mwake Kitale, akahesabu mistari ya programu yake: arobaini na mmoja. Huduma ilikuwa nyepesi. Ukiiuliza mtandaoni kama ipo, hujibu "Nipo." Aliifunga yote katika kontena moja, yaani kifurushi cha programu, akaituma kwenye kompyuta aliyoiacha kwao Bungoma, iwe nodi katika mtandao usio na makao makuu, ambamo kila mwenye mashine huchangia nguvu zake. Ikijibu bila kukatika hadi saa nne asubuhi ya Jumatano, chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kingemwajiri. Alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi.

Saa tano ikajibu: "Fungua."

Levi alisonya. Neno hilo hakuliandika. Akajenga kontena upya mara moja, mara tatu, mara saba. "Fungua." "Fungua." Akaipiga meza kwa kiganja. Ilipokaribia saa kumi na moja jioni, akampigia dadake, Nasambu, aliyebaki kwao Bungoma.

"Mashine uliweka wapi?" Nasambu akauliza.

"Kwa nyumba ya Baba. Nikatia kufuli. Si ingeibwa?"

Sauti ya Nasambu ikashuka. "Ati ulifunga? Levi, tumemzika juzi! Hata nywele hatujanyoa, na wewe msomi ukakimbilia Kitale. Nyumba ya mzee haifungwi kabla ya kunyoa, bana, bado anaingia na kutoka."

Kwenye simu Levi akasikia jiwe likigonga kufuli.

"Nimeng'oa waya wa mashine," Nasambu akanong'ona. "Mlango nimeuacha wazi."

Nodi ilikuwa imezimwa. Huduma ikajibu: "Niko njiani."

Saa mbili asubuhi Levi alifungua orodha ya anwani zilizojibu tangu waya ung'olewe. Bungoma, saa kumi na moja jioni. Webuye, saa nne usiku. Kiminini, saa moja asubuhi. Yeye alikuwa na mashine moja tu. Akagawanya umbali kwa muda, akarudia hesabu. Kilomita nne na nusu kwa saa.

Mwendo wa mtu anayetembea.

Kidole kikatua juu ya amri ya kuzima. Akizima, kazi imepotea.

Hakuzima.

Saa nne kamili Gathii, katibu wa chama, alipiga simu. "Hongera, Bwana Levi! Haijakatika hata sekunde. Lakini hii nodi ya nne, mbona umeiweka kwako hapo Kitale? Imewaka sasa hivi."

Levi aligeuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake.

Chini yake, upande wa ndani, palikuwa na viatu viwili vya ngozi vya babake, vimejaa vumbi jekundu. Ncha zake zilielekea kitandani.