Betri ya Zahanati

Kasuku, kama walivyomwita kwa kupenda kusema, alikuwa akifagia nyuzi chini ya cherehani ya mama yake mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu, kabeba ubao mpana.

"Karibu, dada. Unauza mlango?" Kasuku aliuliza.

Mama alimkata jicho, lakini mgeni alicheka. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya simu. Ubao ulijaa antena ndogo ndogo, naye aliomba kuujaribu juu ya paa lao hadi Jumamosi. Kama ungedumu kwa betri moja tu, ungefungwa kwenye zahanati ya bondeni, ambako mkunga hulazimika kupanda kilima kutafuta mtandao kila mgonjwa anapozidiwa.

"Antena zote hizo, betri moja? Si itakufa leo leo?" mama alishangaa.

"Kinachokula umeme ni kusikiliza kwa undani. Hapa kila antena huulizwa jambo moja kuhusu mawimbi, nayo hujibu 'ndiyo' au 'hapana' tu. Moja ikikosea, nyingine nyingi huisahihisha. Ila betri isiguswe kwa kazi nyingine."

"Nitailinda mpaka urudi," Kasuku aliahidi.

Jumamosi umeme wa mtaa ulikatika fainali ya mpira ikianza. Kaka yake alimjia mbio na redio pale alipoketi kando ya betri, rafiki zake wakimfuata.

"Tuchomeke hapa! Redio inakula kama sisimizi."

"Hapana."

"Jumamosi si ndiyo leo? Ahadi yako imekwisha!"

"Nilisema mpaka arudi."

"Kasuku leo kawa bundi!" walimzomea, wakaenda kwa jirani mwenye betri zake. Kasuku alibaki peke yake juu ya ndoo iliyofudikizwa. Timu yao iliyocheza fainali aliipenda kuliko wote. Shangwe za bao zilipopasuka ng'ambo ya ukuta, alijiziba masikio, lakini hakuondoka.

Jioni mhandisi alifika, akatazama kipimo, akaruka kama mtoto. "Imebaki chaji kidogo sana, lakini imedumu! Zahanati imepata mtambo wake!"

Mama, aliyesikia ugomvi wa redio kutoka ndani, aliacha kushona, akamkumbatia bintiye. "Hicho kidogo ndicho ambacho redio ingekula, mwanangu. Ahadi hupimwa pale ambapo hakuna anayekuona."

Kaka aliingia akiinamisha kichwa. "Tumeshinda. Nikusimulie mabao?"

"Yote," Kasuku alisema, akisogea pembeni ya ndoo ili naye apate pa kukaa. "Na usiruke hata pasi moja!"